Mgonjwa Haulizwi Uji: Juu ya Kumpa Mtu Mzima Jina Asiloliomba

Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga. Methali hii hutajwa mara nyingi na hutafakariwa mara chache. Maana yake ya kwanza iko wazi: aliyelala kitandani hana haja ya kuulizwa kama anahitaji chakula, kwa kuwa hali yake imekwisha kujibu. Anayesimama mlangoni akauliza, “Je, nikupikie?”, huenda anatafuta njia ya kutopika. Ndani ya maneno matatu mna hoja nzima ya maadili, kwamba wajibu wa mwenye nguvu hautokani na ombi la mnyonge. Lakini methali hiyohiyo ina upande wa pili usiosemwa. Asiyeulizwa uji huweza kunyweshwa uji wa moto, au uji asioupenda, au uji wakati alichotaka ni maji. Methali inampa mpishi amri ya kupika. Haimpi ujuzi wa kumjua mgonjwa.

Kuna swali la zama hizi linalokaa katikati ya pande hizo mbili. Wako watu wazima ambao tangu utotoni walitambuliwa kuwa na ulemavu wa akili, na ambao huenda pia wana usonji, ila hakuna aliyewahi kuulizia. Wengi wao hawasemi, au husema maneno machache. Hawajui kwamba lipo jina la pili, hawawezi kuliomba, na likitolewa hawataweza kulikubali wala kulikataa kwa maneno. Je, ni haki kwenda kuwatafuta, kuwapima na kuwaongezea jina? Au ni haki zaidi kuwaacha na jina lile moja ambalo wanaowazunguka wamekwisha kulizoea?

Na achukuliwe, kwa mfano tu, mwanamume wa miaka 52 anayeishi katika nyumba ya matunzo kwenye mji mmoja wa Uingereza. Huyu ni mtu wa kubuni, ingawa aliyefanya kazi katika nyumba kama hizo huenda akamtambua. Hunywa chai katika kikombe cha buluu peke yake. Akipewa cheupe, hainywi. Hupita upande wa kushoto wa ukumbi na kugusa kila kitasa cha mlango. Mhudumu mpya akianza zamu, yeye hujifungia chumbani siku nzima. Kila Jumatano asubuhi, inapowashwa mashine ya kufyonza vumbi, hujiuma kifundo cha mkono mpaka damu ikatoka. Katika jalada lake kumeandikwa “ulemavu mkubwa wa akili”, na chini yake, “tabia za usumbufu”. Mtu akiuliza kwa nini hujiuma, jibu liko tayari: kwa sababu ya ulemavu wake. Kwa nini hakubali kikombe kingine? Kwa sababu ya ulemavu wake. Jina moja limegeuka kuwa jibu la kila swali, na jina linalojibu kila swali limekoma kuwa jibu.

Mwaka 1982 Steven Reiss na wenzake wawili nchini Marekani walilipa jambo hili maelezo ya kitaalamu. Waliwapa wanasaikolojia habari za mtu mwenye shida ileile ya kihisia, wakibadilisha tu yale yaliyosemwa kuhusu kiwango cha akili yake. Aliposemekana kuwa ana ulemavu wa akili, ile shida ya kihisia ilionekana nyepesi, kana kwamba imemezwa. Wakasema kwamba ulemavu wa akili hutupa kivuli juu ya utambuzi, na kilichomo ndani ya kivuli hicho hakionekani. Waliokosea hawakuwa watu waovu wala wavivu. Walikuwa wataalamu wenye elimu, na kosa lao lilikuwa la kawaida ya binadamu: aliyekwisha kupata sababu moja haendelei kutafuta ya pili.

Kivuli hicho kina historia. Leo Kanner, daktari wa watoto huko Baltimore, alipochapisha mwaka 1943 habari za watoto 11 waliokuwa na hali aliyoiita usonji, aliamini kwamba nyuma ya ukimya wao mlikuwa na akili timamu. Imani hiyo ilikuwa na huruma ndani yake, kwa maana iliwatoa watoto wale katika kundi ambalo wakati huo lilidharauliwa na kusahauliwa. Lakini iliacha athari. Kwa miaka mingi baadaye wengi waliuona usonji na ulemavu wa akili kama milango miwili ya nyumba mbili, kwamba aliyeingia huku hawezi kuonekana kule. Mwaka 1979 Lorna Wing, daktari aliyekuwa mwenyewe mama wa binti mwenye usonji, pamoja na mwanasaikolojia Judith Gould, walichapisha utafiti wao wa Camberwell, kusini mwa London. Badala ya kungoja watoto waletwe kliniki kwa jina la usonji, waliwatafuta watoto wenye ulemavu katika eneo zima. Wakakuta kwamba matatizo ya kuhusiana na watu, ya mawasiliano na ya ubunifu huandamana pamoja, na kwamba yamejaa miongoni mwa watoto wenye ulemavu wa akili. Nyumba zilikuwa mbili, lakini wengi walikuwa wakiishi katika zote mbili.

Hesabu ya miaka inatosha kuonyesha nani aliyepitwa. Aliyezaliwa mwaka 1950 alikuwa na miaka 29 utafiti huo ulipochapishwa. Jalada lake lilikuwa limekwisha kuandikwa, na jalada la mtu asiyesema halifunguliwi upya kwa urahisi, kwa sababu mwenyewe haji kudai. Watoto waliofuata walipata walimu na madaktari waliolijua neno. Yeye alibaki na jina la zama zake, kama mtu anayetembea na noti zilizokwisha kuondolewa sokoni.

Ndipo linapokuja suala la uchunguzi wa awali. Uchunguzi huu ni mfano wa chekeche: hautoi hukumu, hutenga tu wale wanaostahili kutazamwa kwa makini zaidi na wataalamu. Lakini chekeche hutengenezwa kwa nafaka maalumu. Dodoso mashuhuri la usonji kwa watu wazima, lililochapishwa na watafiti wa Cambridge mwaka 2001, lina kauli 50 ambazo mtu huzijibu mwenyewe kuhusu nafsi yake. Asiyesoma wala kusema hana nafasi ndani yake. Kwa hiyo zimetungwa njia nyingine, ambazo hujazwa na wanaomjua mtu. Huko Ujerumani limetungwa dodoso liitwalo DiBAS-R, lenye vipengele 19, kwa ajili ya watu wazima wenye ulemavu wa akili hasa. Nako Uingereza, mwongozo wa NICE wa mwaka 2012 unashauri kwamba kwa mtu mzima mwenye ulemavu wa akili wa kati au mkubwa ambaye huenda ana usonji, ufikiriwe uchunguzi mfupi wa dalili chache zinazoonekana kwa macho: ugumu wa kupokezana katika mahusiano na watu, kutoitikia wengine, kutobadili mwenendo hata mazingira ya watu yakibadilika, kuonyesha kwa uchache sana kujali hisia za mwenzake, kushikilia utaratibu na kukataa mabadiliko, na kurudiarudia vitendo, kama kujitikisa au kupepea mikono, hasa wakati wa shinikizo au wa hisia kali. Zikionekana mbili au zaidi, apelekwe kwa tathmini kamili.

Orodha hiyo inasomeka kirahisi, na hapo ndipo penye mtego. Kujitikisa hutokana na usonji, lakini hutokana pia na miaka mingi ya kukaa kwenye kiti bila la kufanya. Kutoitikia wito huweza kuwa usonji, na huweza kuwa uziwi ambao hakuna aliyeupima. Kujitenga huenda ni dalili ya mtu aliyeumizwa na watu, naye amejifunza kujiepusha nao. Uso usioonyesha hisia huenda ni kazi ya vidonge anavyomezeshwa kila usiku. Tena, kadiri ulemavu wa akili unavyokuwa mkubwa ndivyo dalili za hali mbili zinavyofanana, hata chekeche likashindwa kuzitenganisha.

Wenye uzoefu hutumia kipimo cha busara zaidi. Hawamlinganishi mtu wa miaka 52 na wenzake wa miaka 52. Humlinganisha na kile ambacho ufahamu wake mwenyewe ungeruhusu. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma wala kuhesabu, lakini akiona ndege angani humshika mama yake na kumwonyesha. Hatafuti kitu, anataka tu waone pamoja. Humtazama usoni mtu anayecheka ili ajue kama naye acheke. Mtu mzima mwenye ufahamu unaokaribia huo, ambaye hata hivyo haonyeshi kitu kwa ajili ya kuonyesha tu, wala hamtafuti mwenzake kwa furaha wala kwa hofu, ana jambo ambalo ulemavu wa akili peke yake haulielezi. Na yuko mwingine mwenye ulemavu huohuo, asiyesema hata neno, ambaye mgeni akiingia humshika mkono na kumketisha karibu naye. Wawili hawa wanabeba jina moja katika majalada yao, na mahitaji yao yametengana kama mashariki na magharibi.

Kwamba chekeche huvuja si jambo la kubishaniwa, na hesabu ya mfano inatosha kulionyesha. Na ichukuliwe nyumba kubwa yenye watu 100 wenye ulemavu wa akili, 25 kati yao wakiwa na usonji, na dodoso linalowapata sahihi asilimia 80 ya wenye usonji na kuwaachia sahihi asilimia 80 ya wasio nao. Dodoso litawanyooshea kidole watu 35. Kati yao 20 wana usonji kweli, 15 hawana. Na wengine 5 wenye usonji watabaki kivulini kama walivyokuwa. Kwa hiyo anayetumia chekeche na kuishia hapo, akaandika jina katika jalada bila tathmini kamili, atakuwa amewapa watu 15 jina lisilo lao. Nao hawatasema, “Mmekosea.” Ndiyo maana kosa dogo la kipimo, ambalo kwa mtu mwenye kujieleza lingesahihishwa kwa mazungumzo ya nusu saa, kwa mtu huyu huweza kudumu hadi kaburini.

Mwaka 1968 James Wilson na Gunnar Jungner waliliandalia Shirika la Afya Duniani kanuni za kuongoza uchunguzi wa maradhi kwa watu wasioomba kuchunguzwa. Miongoni mwa kanuni hizo ni kwamba kuwe na tiba inayokubalika kwa watakaopatikana, na kuwe na mahali na watu wa kuitoa. Usonji si maradhi ya kuponywa, na neno tiba halikai sawasawa hapa. Lakini kiini cha kanuni kinabaki: ni dhuluma kumtafuta mtu, kumpata, kisha kumwacha palepale. Mahali pa tiba pawekwe mpangilio wa maisha: kelele kupunguzwa, siku kupangwa kwa picha anazozielewa, mabadiliko kutangazwa mapema, wahudumu kutobadilishwa ovyo. Pasipokuwa na nia ya kufanya hayo, uchunguzi ni udadisi tu uliovaa koti jeupe.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Husema kwamba mtu wa miaka 52 amechelewa; jina lingemfaa akiwa na miaka mitano. Husema kwamba amekwisha kubeba jina zito, na kumwongezea la pili ni kumtwisha mzigo juu ya mzigo. Husema pia kwamba majina ya watu wa aina hii yana historia mbaya: punguani, taahira, zezeta yote yalianza au yalitumika kama maelezo na yakaishia kuwa matusi. Nani anayejua usonji utaishia wapi?

Kwa hoja ya kuchelewa kuna jibu jepesi. Aliyeumwa na jino miaka 40 hajachelewa kung'olewa jino. Mashine ya Jumatano itawashwa wiki ijayo na wiki itakayofuata. Hoja ya mzigo inahitaji kujibiwa kwa makini zaidi, kwa kuwa inadhani kwamba jina la pili linaongezwa juu ya ukimya. Sivyo. Mtu huyu amekwisha kuwa na majina mengine ambayo hakuna aliyeyaita majina: mkaidi, msumbufu, mgomvi, asiyetabirika. Hayo yana matokeo. Mwaka 2015 Public Health England ilikadiria kwamba katika Uingereza watu wazima kati ya 30,000 na 35,000 wenye ulemavu wa akili walikuwa wakipewa kila siku dawa za maradhi ya akili, za sonona au zote mbili, bila kuwa na maradhi yanayotibiwa na dawa hizo. Mwaka uliofuata ulianzishwa mpango wa kitaifa wa kupunguza dawa hizo. Kila kidonge cha aina hiyo kimetanguliwa na jina: mtu alionekana msumbufu kabla hajaonekana mwenye maumivu. Anayejiuma kwa sababu ya kelele, akiitwa msumbufu, hupewa dawa. Akiitwa mtu ambaye kelele humuumiza, mashine huzimwa. Basi uchaguzi haukuwa kati ya kumpa jina na kumwacha bila jina. Ulikuwa kati ya jina linalomlaumu na jina linalomweleza.

Hata hivyo, watetezi wa jina nao wana la kujibu, maana historia inaonyesha kwamba jina sahihi peke yake halimwokoi mtu. Miongoni mwa watoto 11 wa Kanner alikuwamo msichana aliyekuwa amewekwa tangu utotoni katika taasisi ya serikali ya watu walioitwa wenye akili pungufu. Kanner alimwona, akamtofautisha na waliomzunguka, akamwandika katika makala iliyosomwa ulimwengu mzima. Alipowafuatilia watoto wale mwaka 1971, msichana yule alikuwa mwanamke wa takriban miaka 40, naye alikuwa bado katika hospitali ya serikali. Jina lake jipya lilikuwa limesafiri kote duniani. Mwenyewe hakuwa amefika popote.

Miaka ishirini na sita baadaye, Uingereza ilipata kisa kingine. Mwanamume aliyezaliwa mwaka 1949, ajulikanaye katika kumbukumbu za mahakama kwa herufi HL, alikuwa na usonji na hakuweza kusema. Baada ya kuishi zaidi ya miaka 30 katika hospitali ya Bournewood, Surrey, alikwenda mwaka 1994 kuishi nyumbani kwa mume na mke waliolipwa kumtunza, na maisha yao yakaenda vizuri. Tarehe 22 Julai 1997, akiwa katika kituo cha mchana, alifadhaika, akajipiga kichwa. Wenyeji wake hawakupatikana. Alipewa dawa ya kutuliza, akarudishwa hospitalini, akabaki huko kwa miezi kadhaa. Wenyeji wake walizuiwa kumtembelea, isije akataka kuondoka nao. Kwa kuwa hakujaribu kutoka, ilihesabiwa kwamba hakuna haja ya kufuata taratibu za kisheria za kumzuia. Alirudi nyumbani Desemba. Mwaka 1998 majaji wengi wa House of Lords walisema kwamba hakuwa amezuiliwa. Mwaka 2004 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema kwamba alikuwa amenyimwa uhuru wake kinyume cha haki.

Usonji wa mtu huyo ulijulikana, jina halikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kimya chake kilimaanisha nini. Waliokuwa na madaraka walifanya alichofanya mpishi mbaya wa methali: mgonjwa hakusema hapana, basi amekubali. Lakini Waswahili wana methali nyingine, kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya si ridhaa. Aghalabu ni habari ambayo msikilizaji hajajifunza lugha yake. Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005, inayotumika England na Wales, imejaribu kuandika jambo hili: mtu achukuliwe kuwa ana uwezo wa kuamua mpaka ithibitishwe vinginevyo, asaidiwe kwa kila njia kuamua mwenyewe, na akishindwa, linaloamuliwa kwa niaba yake liwe kwa manufaa yake, huku hisia na matakwa yake yakitafutwa na walio karibu naye wakiulizwa. Katika chumba cha tathmini hayo yana maana ndogo na ya kila siku. Mtu akigeuza kiti chake kuutazama ukuta, kikao kimekwisha. Akisukuma mkono wa mtaalamu, amesema. Anayeendelea kujaza fomu baada ya hapo amekwisha kuivunja haki aliyokuja kuitetea.

Katika familia za Waswahili walioko ughaibuni swali hili huja na uzito wake wa ziada. Tathmini kamili huhitaji historia ya utotoni, na baadhi ya mahojiano huuliza hasa mtu alivyokuwa alipokuwa na miaka minne hadi mitano. Kama mama alifia Unguja au Lubumbashi, na aliyebaki ni dada anayeishi Leicester ambaye wakati ule naye alikuwa mtoto, nani ataulizwa kama kaka alinyoosha kidole kuonyesha kitu, au kama alicheza kupika mchanga katika kifuu cha nazi? Mhoji huuliza pia kama mtoto alitazama watu machoni. Aliyelelewa pwani anajua kwamba kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni adabu, naye huenda akajibu “Hapana” akiisifu adabu, na fomu ikaandika dalili. Mkalimani asiye makini hugeuza ulemavu wa akili kuwa ugonjwa wa akili, na familia ikasikia habari ya wazimu. Neno usonji lenyewe ni geni masikioni mwa wazee wengi, ilhali taahira wamelisikia maisha yao yote.

Lakini katika familia hizohizo ndimo inamotoka pingamizi yenye nguvu kuliko zote. Dada huyo huzima redio kabla kaka yake hajaingia sebuleni. Humwekea kitambaa kilekile mabegani. Siku ya Idi, nyumba ikijaa watu, humpeleka chumba cha nyuma na sahani yake, akakaa naye mpaka zogo limepungua. Hajawahi kusikia habari za dodoso lenye vipengele 19, na vyote 19 anavijua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini yeye amelala karibu nacho kiasi cha kuwajua kunguni kwa idadi. Jina litamwongezea nini mtu kama huyu? Huenda lisimwongezee kitu. Penye ujuzi wa namna hiyo, jina ni mgeni aliyekuja kuwaambia wenyeji habari za nyumba yao.

Ila dada huzeeka. Siku moja ataugua, au ataaga dunia, na kaka yake atahamia mahali ambapo wahudumu hubadilishana zamu kila saa nane na hakuna anayemkumbuka mama yao. Hapo ndipo inapoonekana kazi halisi ya jina. Anayempenda mtu halihitaji sana, na mwenyewe hulihitaji kwa sehemu ndogo tu. Anayelihitaji ni mtu baki, yule ambaye kesho atashika funguo za nyumba. Ujuzi wa dada haurithiwi na mtu baki kwa damu wala kwa mapenzi. Lazima uandikwe katika neno analolielewa na linalomfunga. Kwa maana hiyo jina la usonji, likitolewa kwa haki, halisemi tu mtu huyu ni nani. Linasema watu baki wanawiwa nini naye.

Ikikubaliwa hivyo, lile swali la mwanzo hupata jibu lenye masharti. Ni haki kwenda kumtafuta asiyeomba, kwa sababu kuomba ndiko hasa alikonyimwa. Ni haki kumpima, ikiwa kwanza masikio yake yamepimwa, dawa zake zimekaguliwa, na waliomjua utotoni wamesikilizwa kwa lugha yao. Ni haki kumpa jina, ikiwa anayelitoa anajua kwamba ametia sahihi hati ya deni. England imekuwa na Sheria ya Usonji tangu mwaka 2009, iliyoitaka serikali iwe na mkakati kwa ajili ya watu wazima wenye usonji. Lakini sheria yoyote hufika mwisho wa safari yake katika ukumbi mmoja, asubuhi moja, mikononi mwa mhudumu mmoja anayelipwa kwa saa. Jina likiandikwa katika jalada na mashine ya kufyonza vumbi ikaendelea kuwashwa Jumatano, kilichotendeka ni kwamba mtu ameibiwa mara mbili: kwanza utulivu wake, kisha udhuru wa waliokuwa hawajui.

Na kuna neno la mwisho juu ya uji. Mpishi mwema hamwulizi mgonjwa kama apike, ila akiisha kupika huonja kwanza asimwunguze, kisha huketi karibu na kumtazama uso anapokunywa. Akigeuza uso, hamlazimishi, hurudi jikoni. Kumtambua mtu asiyesema ni kazi ya aina hiyo, haiishi kwa siku moja wala kwa fomu moja. Yule mwanamume wa miaka 52 hatajua kamwe kwamba amepewa neno jipya. Atakachojua ni kwamba siku hizi, Jumatano asubuhi, mhudumu humletea koti lake mapema, wakatoka wawili kwenda bustanini, na wanaporudi nyumba imekwisha kusafishwa na kimya kimerejea. Kikombe cha buluu kiko mezani.